Mtoto wa Nta

Pistoia, Monasteri ya Bikira wa Theluji
5 Septemba 1588

Kaka yangu Lattanzio,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo, ila jino la nyuma linanipigisha magoti kuliko Mama Mkuu. (Mama Mkuu, najua unaisoma barua hii kabla haijatoka. Ni utani tu.) Wifi Oretta hajambo? Viwavi wako wa hariri wamefungaje vifukofuko vyao mwaka huu? Huku mvua imeharibu zabibu, na Sista Petronilla wa langoni amezidi kuwa kiziwi. Ukimwomba mayai anakuletea maji.

Kazi ninayo. Tunatengeneza Watoto Yesu wa plasta kwa ajili ya Noeli: wenzangu wanawatoa kwenye kalibu, mimi nawapaka nyuso. Padre mmoja wa Lucca amemrudisha wa kwake. Eti Mtoto ana sura ya karani wa mahakama aliyekosa chakula cha mchana. Nilicheka, halafu nikanuna, maana alisema kweli. Tangu niingie humu na miaka yangu kumi na miwili sijamwona mtoto mdogo ila kwenye picha, na picha zenyewe zilichorwa na wanaume walionakili picha za wanaume wenzao. Namchora Yesu amesimama mapajani mwa mama yake, vidole viwili juu, anabariki watu, nami sijui hata shingo ya mtoto inakaaje juu ya mabega yake.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Jana Mama Mkuu aliniita akanipa ubao mpya wa kuchorea. Picha inayotakiwa ni ya binti yako Vaggia, amevaa vazi letu la kitawa, amepiga magoti mbele ya Bikira. Akaniambia umeweka nadhiri. Akaniambia akitimiza miaka saba ataingia humu, na picha itundikwe kanisani tangu sasa ili watu waone.

Vaggia ana miaka minne, Kaka. Je, ni kweli?

Dada yako,
Sista Umilta

*

Pescia
28 Septemba 1588

Sista mpendwa katika Bwana,

Milele, amina. Sisi wazima. Oretta anakusalimu na anakutumia unga wa karanga za miti yetu ya mlimani, uwapikie wenzako chapati. Viwavi walifunga vizuri. Jino lako, weka karafuu.

Ni kweli. Wewe hukuwepo, kwa hiyo usiniulize kwa ukali. Ilikuwa wiki ya Mtakatifu Yakobo. Homa ilimshika Jumapili, na kufikia Jumatano macho yake yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu. Daktari alichukua kofia yake akaenda zake. Oretta alikuwa amekwisha kutoa shuka nyeupe ya kumvika. Nilipiga magoti nikamwambia Bikira wa Theluji: nirudishie, nami nitakupa awe wako. Sikuwa nimesimama bado, mtoto akaomba maji.

Sasa anavaa vazi dogo la kitawa nililomshonesha, na watu wa Pescia wanambusu mkono. Ahadi ni deni. Aliyempa uhai anaweza kuuchukua tena kesho, nikijifanya nimesahau.

Huko si kubaya. Wewe mwenyewe hujawahi kulalamika. Mchore vizuri.

Ndugu yako,
Lattanzio

*

Pistoia
14 Oktoba 1588

Kaka Lattanzio,

Tumsifu Yesu Kristo. Unga umefika, tumeula, umetufanya tukumbuke makwetu, kwa hiyo jioni ile wote tulikuwa na hasira. Mwambie wifi ahsante. Karafuu imesaidia jino la kushoto, sasa limeanza la kulia.

Umesema sijawahi kulalamika. Kaka, nilalamike kwa nani, nawe unajua barua hizi husomwa na nani? (Shikamoo, Mama Mkuu.)

Ngoja nikukumbushe kitu ulichokibeba kwa mikono yako. Siku nilipoletwa hapa, kila msichana alitanguliwa na mtu wa kwao amebeba zawadi yake: Mtoto Yesu wa mbao, na nguo zake, na kitanda chake. Wangu ulimbeba wewe. Ulikuwa na soksi nyekundu, ukitembea kama askari. Mlangoni walinipokonya nywele wakanipa yule Mtoto, na Mama Mkuu wa wakati ule akasema, huyu ndiye mume wako na ndiye mwanao, hutahitaji mwingine. Nikamchukua. Nilikuwa bado ninacheza na midoli, nikadhani nimebahatika.

Bado ninaye. Kila Noeli tunawavika Watoto wetu nguo za kitoto na kuwaviringisha vitambaa kuanzia shingo hadi miguu, halafu tunawabembeleza. Wewe mtu wa hariri unajua kinavyokaa kifukofuko. Unajua pia kwa nini mnakichemsha na kiwavi akiwa ndani: akitoka yeye, uzi unakatika.

Simtukani Mungu. Wapo humu waliokuja kwa miguu yao na wana furaha kuliko ndege. Lakini walikuja kwa miguu yao.

Kuhusu picha: siwezi kumchora mtoto nisiyemjua. Nitampa uso wa karani. Mlete dirishani nimwone.

Dada yako,
Umilta

*

Pescia
9 Novemba 1588

Sista,

Milele, amina. Tuna baridi na ukungu. Sina nafasi ya kusafiri, mitambo ya kusokota hariri imeharibika. Oretta atamleta Vaggia siku ya Mtakatifu Katerina na kurudi naye siku hiyohiyo. Mchore, umalize.



Lattanzio

*

Pistoia
26 Novemba 1588

Kaka,

Nisamehe, sina salamu ndefu leo. Vaggia yu hapa, ubavuni mwangu, ndani. Ni mzima. Nitakueleza lilivyotokea kabla hujalisikia kwa mwingine.

Walifika jana. Unakijua chumba cha wageni: kuna dirisha la nondo, na nyuma yake nondo nyingine, na katikati pazia jeusi. Niliona pua tu na mdomo unaotafuna kidani cha marijani, kile cha kutulizia meno. Wifi alijaribu kumwinua, akamgeuza huku na huku.

"Wifi, unaona?" akaniuliza.

"Naona nusu ya sikio."

"Shangazi," mtoto akauliza, "mbona umejificha? Umefanya nini?"

Mkeo akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kuona. Kisha akatazama lile gurudumu la mbao la ukutani, lile pipa linalozunguka ambalo tunapokelea unga bila kuonana na wanaoleta. Akasema, "Kwani hili hubeba magunia tu? Mchukue, mtazame vizuri, halafu umzungushe arudi. Dakika moja tu." Akamkalisha ndani kama gunia, akasukuma. Likalia, likageuka, na mtoto akatokea mbele yangu amekunja magoti, anacheka.

Kaka, nilimtoa. Nilimpakata. Sikujua kwamba mtoto ni mzito hivyo, wala kwamba ana joto nyuma ya masikio. Kwenye kifundo cha mkono ana mkunjo kama uzi uliofungwa, na shingo haionekani kabisa akicheka. Miaka yote hii nimewapa Watoto Yesu shingo ndefu kama za bata. Nilipaswa kumrudisha mara moja. Nikasema ngoja kidogo, nichore sikio. Petronilla, ambaye hasikii kengele ya sala, alisikia kicheko cha mtoto, akaenda kumwita Mama Mkuu.

Mama Mkuu hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alipiga magoti hapohapo, machozi yanamtoka, akasema si mkono wa Oretta uliozungusha gurudumu, ni mkono wa Bikira, ambaye hakutaka kungoja miaka mitatu. Akasema hata kule kwenye hospitali ya watoto wa kuokotwa sheria ni hiyohiyo: anayewekwa kwenye gurudumu ametolewa, na mzazi hana la kudai. Kisha akalifunga gurudumu kwa kufuli.

Wifi alipiga ule ubao wa gurudumu mpaka jioni. Sisi wote tulimsikia. Walinzi wa nje ndio waliompeleka kwenu.

Sasa sikiliza. Mama wa mtoto hana sauti hapa, na mimi nina sauti ndogo kuliko yeye. Nadhiri ni yako. Makamu wa Askofu anaweza kuibadili nadhiri iwe sadaka nyingine, lakini anayeomba lazima awe yule aliyeiweka, kwa mdomo wake mwenyewe. Njoo.

Na kama unaogopa Mbinguni, nikwambie ninachokijua, maana ni kazi yangu. Nimeinakili picha ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni mara nyingi kuliko unavyosema Baba Yetu. Mzee Simeoni amempakata Mtoto, Maria amenyoosha mikono, na Yosefu nyuma ana kikapu cha njiwa wawili. Umewahi kujiuliza wale njiwa ni wa nini? Walimtoa Mtoto kwa Mungu, wakatoa njiwa, wakarudi naye nyumbani. Sijaona mchoraji hata mmoja aliyemwonyesha Maria akitoka hekaluni mikono mitupu.

Njoo, Kaka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Umilta

*

Pistoia
20 Desemba 1588

Kaka Lattanzio,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimengoja barua, haikuja. Nimewaza theluji, nimewaza homa, nimewaza mbeba barua amelewa njiani. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini wa kwako hata mshindo hauna.

Vaggia hajambo. Anakula vizuri. Siku za kwanza alikuwa akienda kwenye kila mlango akiusukuma kwa mabega yote mawili, kisha anaenda unaofuata, bila kulia, kama mtu mwenye kazi. Sasa hasukumi tena. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimempa Mtoto wangu wa mbao acheze naye. Alimvua vitambaa vyote, kitanzi kwa kitanzi, kisha akaniuliza, "Mbona mikono yake imebandikwa mwilini?" Nikamwambia ndivyo alivyochongwa. "Basi hawezi kukuna pua," akasema, na tangu hapo anamkuna yeye.

Masista wamegeuka vichaa. Yule mkali wa jikoni anamfichia biskuti za anisi. Wengine wanaomba kumshika tu, wanamshika, wanamrudisha upesi na kuondoka. Mimi nachora. Watoto Yesu wa mwaka huu wote wana sura ya Vaggia, hata yule padre wa Lucca ameandika kushukuru. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi, na kila nikishika brashi naona aibu.

Tarehe mbili Februari, siku ya kubariki mishumaa, watamkata nywele.

Umilta

*

Pescia
8 Januari 1589

Sista,

Milele, amina. Nimepokea barua zako zote mbili.

Oretta amerudi kwa mama yake. Ninapika mwenyewe, na nimegundua sijui. Wafanyakazi wananisalimia kwa adabu mno.

Siku moja baada ya Noeli nilipanda nyumbu kuja Pistoia. Nilifika mpaka darajani, pale ambapo mtu huona mnara wa kanisa lenu. Nikageuka.

Wewe unaongea habari ya njiwa. Hukuyaona macho yake siku ile. Nikisema namtaka, na akirudi, na homa ikirudi, nitamtazama nani usoni? Humo ndani angalau anaishi. Ni afadhali niwe na binti nyuma ya ukuta kuliko kaburini. Dawa ya deni ni kulipa.

Usiniandikie tena habari ya milango.

Lattanzio

*

Pistoia
21 Januari 1589

Kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa kupika. Chumvi hutiwa mwishoni, wewe tangu utotoni ulikuwa na haraka.

Sitaandika habari ya milango. Nitaandika habari ya nta.

Nilimwendea Mama Mkuu nikamwambia ninachotaka kufanya, na kwa kuwa anasoma hapa, atashuhudia kwamba sikumficha. Nikamwambia: wako wazazi wengi walioponyewa watoto wao wakaleta mtoto wa nta, wa kimo kilekile na uzito uleule, akawekwa altareni. Kanisa limejaa miguu ya nta, mikono ya nta, watoto wachanga wa nta kwenye vitambaa. Bikira hajawahi kumrudisha hata mmoja. Niruhusu nimtengeneze Vaggia.

Kisha akasema, "Mtengeneze. Makamu wa Askofu atakuwapo siku ya mishumaa. Baba yake akija akaomba kwa mdomo wake, nitasikia." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Hatakuja, binti yangu. Nakuonea huruma." Hakusema kwa ubaya. Anakujua, Kaka, kuliko ningependa.

Nta hatukuwa nayo ya kutosha. Sikumwomba mtu. Asubuhi nilikuta mlangoni pangu vipande vya mishumaa, kila sista ameleta cha kwake cha kusomea sala. Nilipomweka Vaggia kwenye mizani ya unga, upande mmoja yeye, upande wa pili nta, alicheka mpaka mizani ikakataa kutulia.

Sasa amekamilika. Ana shingo fupi. Ana ule mkunjo wa kifundo cha mkono. Nitamvika lile vazi dogo la kitawa ulilolishonesha, maana aliyezaliwa kwa ajili yake ni huyu.

Hofu yako siicheki. Lakini nawe isikilize yangu. Siku ile ya soksi nyekundu, kabla mlango haujafungwa, padre aliuliza mbele ya watu wote kama kuna wa kwetu anayetaka kusema neno. Baba alitazama chini. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa mtoto, najua, wala hakuna ambaye angekusikiliza. Lakini nilingoja mtu mmoja aseme "namtaka", basi, hata kama nisingetoka. Ningeingia nalo neno hilo, lingenitosha. Hadi leo sijui mtu anajisikiaje akiambiwa hivyo.

Vaggia anakungoja hapohapo nilipokungojea mimi.

Umilta

*

Pescia
10 Februari 1589

Dianora dada yangu,

Sijakuita kwa jina lako la kuzaliwa tangu tulipokuwa watoto. Nimeambiwa umefungiwa barua na dirisha mpaka baada ya Pasaka, kwa kosa la gurudumu, na kwamba hukulalamika. Sijui kama hii itakufikia. Naiandika hata hivyo.

Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta, hukuona, ngoja nikusimulie. Oretta alikuja Pescia mkesha wa sikukuu, hakuingia ndani, akasema, "Mimi nakwenda. Wewe kaa na nadhiri yako." Nikapanda nyumbu nyuma yake. Pale darajani miguu ya nyumbu ilisimama, au mimi ndiye niliyevuta hatamu. Oretta hakugeuka. Basi nikaona aibu ya kubaki peke yangu na mnyama.

Kanisa lilijaa mishumaa. Nilimwona yule wa nta altareni, nikadhani ndiye. Makamu wa Askofu akauliza, "Wewe baba, unataka nini?" Nikatazama chini. Mama Mkuu alikuwa nyuma ya nondo zake, nilisikia pumzi yake. Oretta akanikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zake zote.

Nikasema, "Namtaka mwanangu."

Nilingoja paa lidondoke. Makamu akamtazama mtoto wa nta kwa muda mrefu, akamgusa kifundo cha mkono, akasema sadaka hii yatosha. Mama Mkuu akajibu kutoka ndani, taratibu, "Aliyeingia kwa gurudumu atoke kwa gurudumu." Nikasikia kufuli.

Akatokea amekunja magoti, na kigauni cha ndani tu, nywele zake zote kichwani. Shingoni hana marijani. Alisema amekuachia wewe, kwa sababu nawe unaumwa meno.

Mpaka leo homa haijaja. Usiku naamka kumgusa paji la uso, na Oretta ananiacha nimguse.

Lakini sijakwambia lote. Nilipomshusha chini, Vaggia aligeuka akaanza kupiga ule ubao wa gurudumu kwa ngumi. "Na shangazi! Baba, sema na shangazi! Sema unamtaka!" Watu walicheka, hata Makamu wa Askofu alicheka. Oretta akamnyanyua, tukatoka. Mimi sikucheka, Dianora, lakini sikusema pia.

Mama Mkuu, najua unaisoma hii kabla yake. Kama sheria haikuruhusu kumpa barua yote, basi msomee mstari mmoja tu, wa mwisho, kwa sauti, wenzake wakiwapo.

Namtaka dada yangu.

Lattanzio